Orodha ya Vyakula Vinavyofaa

Gunia la nane la mahindi lilipopita katikati ya kanisa, limebebwa na wanaume wawili wanaocheza huku akina mama wakipiga vigelegele, Sesilia alifumba macho akamwomba Mungu amsamehe, maana alichokuwa anakiwaza hakikuwa cha ibada. Alikuwa anawaza: na haya nitampa nani?

Si kwamba hakuwa na shukrani. Yeye ndiye aliyetunza stoo ya chakula cha wahitaji hapo parokiani Runzewe, chumba kimoja nyuma ya kanisa chenye mlango wa bati, na stoo ikiwa tupu ni yeye aliyepigiwa hodi. Lakini Jumapili tatu mfululizo tangazo lilikuwa limesomwa. Orodha aliiandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, akaibandika mlangoni: VYAKULA VINAVYOFAA. Unga wa lishe. Dagaa. Karanga. Mafuta ya kula. Maharage. Sukari. Chumvi. Chini akapiga mistari miwili na kuongeza: MAHINDI YA PUNJE YANATOSHA. Watu waliisoma. Waliisoma kwa sauti kabisa, wakatikisa vichwa kukubali, halafu wakaenda nyumbani kufunga magunia ya mahindi.

Sababu aliijua, na hiyo ndiyo iliyompandisha hasira zaidi. Siku ya Mavuno kila jumuiya inaingia na matoleo yake kwa kucheza, kuanzia mlango mkubwa hadi altareni, na kanisa zima linatazama. Sasa chupa ya mafuta utaichezaje? Robo kilo ya dagaa ataiona nani? Gunia ndilo linaloonekana. Gunia linatoa watu jasho, linawafanya wengine wasogee pembeni kulipisha, na mwakani bado watu watakumbushana jumuiya gani ilileta manne na ipi ilileta mawili.

Wahitaji wa stoo walikuwa wengi, lakini siku hizo Sesilia alilala na kuamka na mmoja tu. Aliitwa Donatus, kijana wa miaka thelathini na minne, mtu wa kutoka Ngara, aliyekuja kuchimba dhahabu na kushinda ndani ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji, mpaka kifua kikamkataa. Sasa alikuwa mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu, peke yake kwenye chumba cha kupanga, hana mke wala ndugu karibu. Kila Alhamisi Sesilia alimpelekea mfuko wa chakula. Na wiki nne zilizopita nesi Agnetha alikuwa amemsimamisha Sesilia njiani, mbele za watu, akamuuliza bila hata salamu: "Mama Maige, yule Donatus mnampa nini? Kila akipanda mzani anashuka. Dawa zile zinataka mtu awe na kitu tumboni. Ameshaniambia zinamsumbua tumbo na anataka kuziacha. Akiziacha, mimi sina la kufanya."

Mnampa nini. Neno hilo lilimchoma Sesilia mpaka ndani, kwa sababu alikuwa anampa. Hakukosa hata wiki moja. Ndiyo akaenda kuandika orodha, akiamini kwamba kosa liko kwenye mfuko: unga wa kawaida badala ya wa lishe, maharage bila dagaa, mboga bila mafuta. Kama angepata chakula kinachofaa, Donatus angepanda mzani. Hayo tu ndiyo aliyokuwa anayataka kwenye Siku ya Mavuno, na hayo tu ndiyo hayakuletwa.

Baada ya misa, stoo ilijaa hadi dari. Sesilia alifungua gunia la kwanza, akaingiza mkono, akautoa umejaa vumbi jeupe. Akanusa. Dawa ya kuulia wadudu, tena iliyomwagwa bila kipimo.

"Haya yametoka ghalani jana," alisema. "Nani atakula hii?"

"Yataoshwa, Mama Maige," alisema mzee Sostenes, mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amesimama mlangoni na suti yake ya Siku ya Mavuno. Sostenes alikuwa mtu mwema ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kupika.

"Yataoshwa na nani? Na bibi wa miaka themanini? Na mgonjwa?"

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri."

"Moyo nimeuona, mzee wangu. Natafuta dagaa."

Akaja Herman, mnunuzi wa dhahabu, na gari lake, akashusha katoni sita za vile vinywaji vya makopo wanavyokunywa wachimbaji wasisinzie. Sesilia aliziangalia katoni, akamwangalia Herman.

"Hivi ni vya nani, baba?"

"Vya wagonjwa. Si wanahitaji nguvu? Hata kwenye kopo imeandikwa."

Sesilia alikuwa na maneno, tena mengi, yamejipanga mdomoni. Akayameza. Akasema asante, kwa sababu Herman ndiye aliyeezeka paa la stoo, na mkono unaokupa bati huusemi vibaya hadharani. Baada ya Herman akaja mtu na pakiti kumi na mbili za tambi zilizopita muda wake. Akaja mwingine na kopo la maziwa ya mtoto lililokwisha funguliwa, eti kwao mtoto ameyakataa. Kila mmoja alisimama kidogo akisubiri kushukuriwa, na kila mmoja alishukuriwa, na kila asante ilimkaa Sesilia kooni kama mwiba wa samaki.

Basi aliyefika wa mwisho ndiye aliyeyapata yote yaliyokuwa yamejikusanya.

Aliyefika wa mwisho alikuwa Bibi Mariana. Hakuwa amecheza kanisani. Miguu yake haikuweza tena. Alikuja polepole, kichwani ana ungo mdogo uliofunikwa kwa kanga kuukuu, akautua mbele ya mlango na kufunua. Yalikuwa matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu na vya rangi ya kahawia, kama wanavyofanya katika kila nyumba ya Kisukuma viazi vikiwa vingi, ili vije kutafunwa wakati wa njaa.

"Wabeja, mayu," alisema Bibi Mariana, yaani asante, mama, kwa Kisukuma. "Nimeleta na mimi. Ni ya mgonjwa."

Sesilia aliangalia ungo. Aliangalia vile vipande vigumu, vyenye mchanga kidogo pembeni, na nzi mmoja juu yake. Akaona gunia la dawa, akaona makopo ya Herman, akasikia sauti ya nesi ikiuliza mnampa nini. Na hapo ikatoka.

"Bibi, hivi umesomewa tangazo au hukusomewa?" Sauti yake ilisikika mpaka kwenye mwembe wa shule. "Iko orodha pale! Matobolwa yako wapi kwenye orodha? Mtu wa kifua, tumbo linakataa hata uji, wewe unamletea kitu cha kutafuna kama mfupa! Mgonjwa ukimpa hivi utamuua. Rudi nayo."

Watu waliokuwa wanasalimiana uwanjani wakageuka kutazama. Bibi Mariana alifunika ungo wake kwa kanga, taratibu, kona moja baada ya nyingine, akaomba mtu amtwike, akaondoka. Mzee Sostenes alikohoa, akaiangalia saa yake ambayo ilikuwa imesimama tangu Pasaka.

Sesilia aliona aibu, lakini aibu ya dakika tano. Baada ya hapo alijiambia kwamba lazima mtu mmoja awe na msimamo, la sivyo stoo itageuka jalala. Akafunga mlango wa bati kwa kufuli.

Jumatatu alianza vita. Alitaka magunia yaliyo safi yapelekwe kwa mama mmoja wa dukani aliyekubali kubadilishana: yeye achukue mahindi, stoo ipate unga wa lishe, dagaa, karanga na mafuta. Mzee Sostenes alikataa. Alisema kilichokwisha wekwa mbele ya altare hakiendi sokoni. Alisema wenye magunia watauliza. Alisema asubiriwe padri, ambaye alikuwa Geita mjini na hakuna aliyejua anarudi lini. Jumanne akasema kamati ikae kwanza. Kamati ilikuwa na watu saba, na wanne walikuwa mnadani kuuza ng'ombe.

Jumatano Sesilia alichota bakuli la yale mahindi yenye vumbi jeupe, akaenda nalo hadi kwa Sostenes, akalitua mezani mbele yake na mbele ya mke wake.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea chakula cha mchana."

Mke wa Sostenes aliyanusa, akarudi nyuma. "Baba Philomena, hii ni sumu."

"Ndiyo," alisema Sesilia. "Haya ndiyo ambayo mwenyekiti anasema yaoshwe, wagonjwa wale. Nikaona tuanze na yeye, tuone."

Sostenes alilisukuma bakuli pembeni. Kisha akasema, bila kumwangalia, kwamba yale magunia safi anaweza kuyafanyia atakavyo, ila asimtaje. Sesilia alitoka pale amechoka kama aliyelima ekari, lakini kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alijisikia mwepesi.

Hivyo Alhamisi alikuwa na mfuko ambao hajapata kuwa nao. Kilo tatu za unga wa lishe, wenye ulezi na soya na karanga ndani yake. Dagaa wa Mwanza, wameanikwa vizuri, hawana mchanga. Karanga. Chupa ya mafuta. Maharage. Sukari. Chumvi. Kila kitu kama kilivyoandikwa kwenye orodha, kwa mpangilio uleule, na orodha yenyewe ameibandua mlangoni, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga. Njiani alijikuta anatabasamu peke yake. Alitamani akutane na Agnetha amuulize tena.

Nyumba aliyopanga Donatus ilikuwa ya vyumba sita vinavyotazamana, na uwanja katikati ambapo wapangaji wote walipikia. Sesilia alifanya kama alivyofanya siku zote: alisimama nje ya mlango, akapiga hodi, akasubiri Donatus atoke. Yeye alikuwa mjane, Donatus hana mke. Mwanamke wa kanisa haingii chumba cha mwanamume kama huyo mchana kweupe wapangaji wakitazama. Miezi yote mitatu alikuwa amekabidhi mfuko mlangoni, akapokea shukrani, akauliza hali, akaondoka.

Leo Donatus hakutoka.

"Hodi!"

Ikasikika sauti ndogo, ya chini. "Karibu, Mama Maige. Samahani, siwezi kuinuka."

Sesilia aligeuka akaangalia uwanja. Mama Fredy, mwenye nyumba, alikuwa anachambua mchele, akajifanya haoni. Sesilia akainua pazia akaingia.

Donatus alikuwa amelala kwenye godoro, macho makubwa kuliko uso. Lakini kilichomfanya Sesilia asimame palepale kilikuwa ukutani. Mifuko. Imepangwa mmoja baada ya mwingine chini ya dirisha, yote ile aliyoileta, na mingi bado ina fundo la Sesilia mwenyewe, lile fundo analolifunga kwa kuzungusha mara mbili. Unga ulikuwa umeingia wadudu. Maharage yalikuwa kama alivyoyapima. Pembeni kulikuwa na jiko la mkaa, safi, halina hata majivu, na juu yake imekunjwa shati.

"Hukuvila," alisema Sesilia.

"Nisamehe, mama."

"Miezi mitatu! Mimi nazunguka, nagombana na watu, naombaomba, na wewe umevipanga kama duka!" Hasira ilimjia haraka kuliko huruma, na hakuizuia. "Kwa nini? Havikufai? Si ungesema!"

Donatus alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu. "Havijapikwa, Mama Maige."

"Si upike?"

"Mama Fredy alinikataza pale uwanjani. Wapangaji walisema nitawaambukiza kwa kukohoa kwenye vyungu vyao. Nesi alikuja akawaambia kwamba siambukizi tena, wakasema sawa, lakini nikitoka na jiko wote wanaingiza sufuria ndani. Humu nikiwasha, moshi unanibana kifua, nakohoa mpaka natapika. Nikaacha."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningesemaje? Kitu cha kupewa hakichaguliwi. Ukiambiwa amekataa unga, si utasema ana majivuno? Na ningemshtaki Mama Fredy, angenifukuza, niende wapi?"

Sesilia alikaa chini, sakafuni, kwenye chumba cha mwanamume asiye na mke, pazia likiwa wazi. Mama Fredy na atazame. Alikuwa anatafuta lile ambalo bado halijakaa sawa, akalipata.

"Sasa miezi yote hii umekuwa unakula nini?"

"Bibi," alisema Donatus. "Yule Bibi Mariana wa nyumba ya pili. Kila asubuhi alikuwa ananipitishia matobolwa kwenye bakuli. Hayataki moto. Nayaloweka kwenye maji, yanalainika, nakula, nanywa dawa, zinakaa. Hayashibishi sana, lakini dawa zilikuwa zinakaa."

"Alikuwa."

"Jumatatu hakuja. Jumanne nikajikokota mpaka kwake kumuuliza kama anaumwa. Akasema kanisani wamemwambia matobolwa yanaua mgonjwa wa kifua. Alikuwa analia, mama. Anasema kumbe siku zote hizo alikuwa ananiua na hajui." Donatus akageuzia uso ukutani. "Tangu Jumatatu dawa sijazinywa. Nilijaribu na maji matupu, zikarudi zote."

Leo ilikuwa Alhamisi. Sesilia alihesabu siku, akazihesabu tena, kana kwamba zingepungua. Kwa magunia ya vumbi jeupe alikuwa amesema asante. Kwa makopo ya Herman alikuwa amesema asante. Tambi mbovu, maziwa ya makombo, yote asante. Mtu mmoja tu Sesilia alimfokea na kumrudisha, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa analisha.

Hakukaa zaidi. Alichukua jiko na mfuko wa unga wa lishe, akatoka navyo uwanjani, akaliweka jiko katikati kabisa ya vyungu vya watu. Mama Fredy akafungua mdomo.

"Usiseme," alisema Sesilia. "Leo usiniambie kitu, Mama Fredy, tafadhali. Nipe makaa mawili ya moto."

Labda ilikuwa sauti, labda macho. Mama Fredy akampa. Uji ukaiva, Sesilia akampa Donatus kikombe, akamwangalia mpaka akameza nusu, akamwekea sukari zaidi, akamwambia asiguse dawa kabla yeye hajarudi na nesi. Halafu akavuka kwenda nyumba ya pili.

Bibi Mariana alikuwa ameketi kizingitini. Ungo ulikuwa kando yake, umefunikwa kwa kanga ileile.

Sesilia alipiga magoti. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba matobolwa. Ya Donatus."

"Si yanaua?"

"Hayaui, mayu. Mimi ndiye nilitaka kumuua. Nisamehe."

Bibi Mariana alimtazama. Alikuwa na macho yenye ukungu wa uzee, lakini hayakumkwepa. Hakuufunua ungo.

"Ile karatasi yako unayo?"

Sesilia alifungua pindo la kanga, akaitoa.

"Yaandike," alisema Bibi Mariana. "Mimi kusoma sijui. Lakini nataka nikuone unayaandika, Jumapili padri ayasome kama anavyosoma mafuta na sukari."

Sesilia aliazima kalamu kwa jirani, akaiweka karatasi juu ya goti, akaandika chini ya chumvi, kwa herufi kubwa: MATOBOLWA. Bibi Mariana akauliza ni lipi, akaonyeshwa, akaliwekea kidole. Kisha kidole kikapanda polepole juu ya karatasi, neno kwa neno, na kwa kila neno akauliza ni nini, na Sesilia akamjibu: chumvi, sukari, maharage, mafuta, karanga, dagaa, unga.

"Vizuri," alisema Bibi Mariana, akafunua ungo. "Na moto umeuandika wapi?"

Sesilia aliiangalia karatasi yake, mbele na nyuma. Hakuwa ameuandika.